Kipaji Hupewa, Ushindi Huchumwa

Katika lugha ya michezo nchini Kenya, ni machache maneno yanayotumiwa kwa wingi kama neno "kipaji". Mwanariadha akishinda, watangazaji husema amejaliwa kipaji. Kijiji kikitoa wanariadha watatu, huitwa chimbuko la vipaji. Mwanafunzi naye akimaliza mbio akiwa wa sita, mwalimu wake humwambia kwa upole kwamba labda kipaji chake kiko kwingine. Neno linalotumiwa kiasi hicho bila kuulizwa maana halina budi kuchunguzwa, na hiyo ndiyo kazi ya mtu wa isimu. Leo nakusudia kulipima neno hili kwa maisha ya mwanariadha mmoja wa Kericho, Wilson Kiprugut Chuma, ambaye naamini walimu na wanafunzi wetu hawamjui kama inavyostahili.

Tuanze na neno lenyewe. Kipaji limetokana na kitenzi "pa". Mwenye kutoa ni mpaji, na kitolewacho ni kipaji. Ndugu yake ni kipawa, lililotokana na "pawa", yaani kupewa. Kitenzi "jaliwa" kinachoandamana na maneno hayo nacho ni cha kutendwa. Kwa hiyo, kila tunaposema kwamba mwanariadha amejaliwa kipaji, sarufi ya sentensi yetu inamweka katika nafasi ya mpokeaji. Hatendi, anatendewa. Mkono umemfikia, ukamwachia zawadi, naye akaenda uwanjani kuionyesha.

Sikatai kwamba watu huzaliwa na tofauti za miili. Hakuna mwalimu aliyewahi kusimamia mashindano ya shule anayeweza kulikataa hilo. Ninalolikataa ni mazoea ya kulifanya neno moja kuwa jibu la kila swali. Kwa nini huyu alishinda? Kipaji. Kwa nini Kericho na Bomet hutoa wakimbiaji? Kipaji. Kwa nini wengine hawafiki popote? Hawana kipaji. Jibu linaloeleza kila kitu kwa neno lilelile halijaeleza kitu.

Kiprugut alizaliwa mwaka 1938 huko Kericho, katika nchi ya Wakipsigis, na akaaga dunia tarehe 1 Novemba 2022. Yeye ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali katika Michezo ya Olimpiki. Nimekuwa na desturi ya kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni ni nani aliyetuletea medali ya kwanza ya Olimpiki, na wengi hulitaja jina la Kipchoge Keino. Siwalaumu. Keino ni shujaa wa haki, na alishinda dhahabu ya mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968. Lakini medali ya kwanza ilikuwa imekwisha kupatikana miaka minne kabla ya hapo, naye aliyeipata alikuwa mwanajeshi kutoka nchi ya majani chai.

Tukumbuke hali ya taifa wakati ule. Kenya ilikuwa imeshiriki Olimpiki mara mbili ikiwa koloni, huko Melbourne mwaka 1956 na Roma mwaka 1960. Nyandika Maiyoro alikuwa amejitahidi katika mita 5,000, akawa wa saba mara ya kwanza na wa sita mara ya pili. Michezo ya Tokyo ilipofunguliwa tarehe 10 Oktoba 1964, Uhuru wetu haukuwa umetimiza mwaka mmoja. Bendera ya taifa hilo changa ilibebwa na Seraphino Antao, mwana wa Mombasa mwenye asili ya Goa, ambaye mwaka 1962 alikuwa ameshinda dhahabu mbili katika mbio fupi za Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth.

Katika nusu fainali ya mita 800, Kiprugut na George Kerr wa Jamaika walimaliza kwa dakika 1 na sekunde 46.1, muda uliokuwa rekodi mpya ya Olimpiki. Fainali ilikuwa tarehe 16 Oktoba. Humo alikuwemo Peter Snell wa New Zealand, bingwa wa Roma na mwenye rekodi ya dunia. Kiprugut alikuwa akimfuata Kerr kwa karibu mno, mguu wake ukakigusa kisigino cha Mjamaika huyo, akayumba na kupoteza hatua ambazo katika mbio za namna ile hazirudi kwa urahisi. Snell alishinda kwa dakika 1 na sekunde 45.1, na Bill Crothers wa Kanada akawa wa pili. Kiprugut alijirudi, akampita Kerr karibu na utepe na kuwa wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Methali hiyo tumezoea kuwatungishia wanafunzi insha, nao hutunga visa vya kubuni. Ningependa siku moja mwalimu awape kisa hiki, kwa kuwa hiki kilitokea.

Mwaka uliofuata, 1965, Kiprugut alikwenda Brazzaville katika Michezo ya kwanza ya Afrika nzima, akashinda dhahabu ya mita 400 na ile ya mita 800. Mwaka 1966, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaika, alipata fedha katika yadi 880, nyuma ya Noel Clough wa Australia. Kisha ikaja Mexico mwaka 1968. Tarehe 15 Oktoba aliingia katika fainali ya mita 800, akaongoza kwa kasi tangu mwanzo, naye Ralph Doubell wa Australia akaja kumpita katika mkondo wa mwisho. Doubell alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 44.3, akaifikia rekodi ya dunia. Kiprugut alimaliza kwa sekunde 44.5 juu ya dakika moja. Tofauti ilikuwa sehemu mbili za kumi za sekunde.

Hapa tunakutana na neno la pili linalostahili kuchunguzwa, nalo ni "shindwa". Kiswahili kinaturuhusu kusema kwamba Kiprugut alishindwa na Doubell, na kwa sarufi sentensi hiyo haina dosari. Hata hivyo, neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa mtu aliyekata tamaa, kwa mgonjwa aliyeshindwa kula, na kwa mwanafunzi aliyeshindwa mtihani. Tukilichukua bila uangalifu, tunajikuta tumemtia mtu aliyekimbia mita 800 kwa kasi iliyowashinda watu wote duniani isipokuwa mmoja, siku ile, katika kapu moja na aliyeshindwa kuamka. Nimesoma na kusikia mara nyingi kwamba timu yetu "imetoka mikono mitupu" ilhali ina fedha na shaba. Mikono gani hiyo mitupu?

Kuna upande mwingine wa kitenzi hiki ambao tumeuacha. "Shinda" ni kumzidi mwingine, lakini vilevile ni kukaa mahali mchana kutwa: mama ameshinda shambani, mtoto ameshinda njaa. Sitaki kuingia katika mjadala wa asili ya maana hizi mbili. Latosha kusema kwamba msemaji wa Kiswahili anazo zote mbili kinywani mwake, na kwamba anayeshinda uwanjani kwa kawaida ni yule aliyekwisha kushinda huko, siku baada ya siku, pasipo na mtazamaji.

Sasa turudi kwenye swali la kipaji. Wapo watakaoniambia kwamba jibu ni milima. Kericho iko kwenye kimo cha takribani mita 2,000 juu ya bahari, na Jiji la Mexico liko kwenye kimo cha mita 2,240 hivi. Baada ya michezo ya 1968, ambapo Kenya ilipata medali 9, zikiwemo dhahabu 3, walitokea watu ng'ambo waliosema kwamba Wakenya walisaidiwa na hewa nyepesi waliyoizoea. Hoja hiyo ina ukweli wake katika mbio ndefu. Lakini tuipime kwa Kiprugut. Medali yake ya kwanza aliipata Tokyo, jiji lililo kando ya bahari. Na huko Mexico, kwenye hewa nyepesi iliyodaiwa kuwa mali yetu, aliyempita alikuwa Mwaustralia aliyekulia nchi ya tambarare. Milima haikumpa yeye alichopata, wala haikumzuia Doubell.

Isitoshe, milima ya Kericho ilikuwepo tangu kale, na watu walikimbia juu yake tangu kale. Ni nini basi kilichobadilika katikati ya karne iliyopita? John Bale na Joe Sang, katika kitabu chao kuhusu mbio za Wakenya kilichotoka mwaka 1996, wanatuelekeza kwenye taasisi: shule, jeshi, polisi na magereza, pamoja na mashindano yaliyopangwa kuanzia wilaya hadi taifa. Kiprugut ni mfano ulio wazi. Jeshi lilimpa ratiba, mshahara, washindani na safari. Mwenye kukimbia vizuri kijijini husifiwa na jirani. Mwenye kukimbia vizuri mahali penye saa, mstari na mshindani hujua ni sekunde ngapi zinazomtenga na dunia.

Ili hoja hii ieleweke, natoa mfano wa mbali, wa mchezo ambao hakuna anayeuhusisha na Kericho: mpira wa vinyoya. Ureno ni nchi ya kandanda, na mchezo huo wa vinyoya huko si maarufu. Hata hivyo Marco Vasconcelos, mzaliwa wa kisiwa cha Madeira, aliiwakilisha Ureno katika Olimpiki tatu, mwaka 2000, 2004 na 2008. Hakupata medali. Alipomaliza kucheza aliendelea kuwa mkufunzi, na akaifundisha timu ya taifa ya Brazil. Je, tuseme watu wa Madeira wamejaliwa kipaji cha vinyoya? La. Tutasema, kwa akili timamu, kwamba palikuwa na ukumbi, palikuwa na mkufunzi, na palikuwa na kijana aliyedumu. Mbona tukifika Kericho tunaiacha akili hiyo na kuanza kuzungumzia damu?

Na tuligeuze swali. Kwa nini Kericho haikutoa mchezaji wa vinyoya? Mchezo huo huhitaji ukumbi usiopitisha upepo, kwa kuwa kile kinyoya cha kuchezea, chenye manyoya 16, kina uzito wa gramu 5 tu, na pepo za milimani zingekipeperusha. Huhitaji wavu, raketi na vinyoya vinavyochakaa upesi. Wakati wa ukoloni, michezo ya raketi katika maeneo ya walowezi ilikuwa ya klabu ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Mtoto wa mfanyakazi wa shamba la chai alibaki na barabara ya udongo, ambayo haikudai ada. Alikimbia kwa sababu mbio ndizo zilizokuwa wazi kwake. Tunachokiita kipaji cha jamii nzima, mara nyingi ni orodha ya milango iliyoachwa wazi.

Hapo ndipo jina la mwanariadha wetu linaponisaidia. Kiprugut ni jina apewalo mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa njaa. Chuma ni jina la ukoo, nami sidai kwamba waliolitoa walikuwa na Kiswahili akilini. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kulisoma bila kusikia maana zake. Chuma ni madini magumu. Na kuchuma ni kazi ya mikono inayofanywa kila asubuhi katika mashamba ya Kericho na Bomet, ambako majani mawili na chipukizi lake hukatwa kwa ncha za vidole na kutupwa kapuni. Wapo wasemao kuchuna, nami sitawasahihisha. Katika kitenzi hicho tumepata chumo, yaani pato, na tumepata uchumi. Wahenga nao wakatuachia methali kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kitenzi hiki si cha kutendwa. Mtu hachumiwi mbio. Anachuma mwenyewe, hatua kwa hatua, kama jani.

Ndiyo sababu napendekeza tuseme kwamba ushindi huchumwa. Hili si suala la mapambo ya lugha. Tazama hali ilivyo leo katika nchi hiyo ya chai. Mashamba makubwa yameingiza mitambo ya kuchuma inayofanya kazi ya watu wengi, na mwezi Mei 2023 hasira za wananchi wa Kericho ziliishia katika kuchomwa kwa baadhi ya mitambo hiyo. Kijana ambaye wazazi wake waliishi kwa kapu la majani hana hakika tena kwamba kapu hilo litamngoja. Anaangalia barabara, anaona mbio, anaona majina ya watu wa kwao: Joyce Chepchumba, aliyeshinda London Marathon mwaka 1997 kwa sekunde moja na kupata shaba ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000, Paul Kipsiele Koech, aliyepata shaba ya kuruka viunzi na maji huko Athens mwaka 2004, Mercy Cherono, aliyepata fedha ya dunia ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 2013 na dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014. Kijana huyu tunamwambia nini?

Tukimwambia kwamba hao walipewa, tumemfungia njia mbili kati ya tatu. Akijiona hakupewa, ataacha mapema, pengine mwaka mmoja kabla ya mwili wake kukomaa. Akijiona amepewa, huenda akadharau shule na mazoezi akidhani zawadi haihitaji kutunzwa. Njia ya tatu ndiyo ya hatari zaidi. Akiamini kwamba ushindi ni kitu ambacho mtu huwekewa mwilini, atatokea mwuzaji wa kumwekea. Mwaka 2016 Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli lilitangaza kwamba Kenya haikuwa ikitimiza masharti yake, na tangu hapo orodha ya wanariadha wetu waliofungiwa imekuwa ikituaibisha. Sisemi kwamba neno moja ndilo lililoleta balaa hilo. Fedha na umaskini vimo. Nasema kwamba lugha inayomfanya mwanariadha kuwa chombo cha kutiliwa kitu haiwezi kumkinga na anayekuja na sindano.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi umetuletea, katika sekondari ya juu, mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliuingia mwaka 2026. Nauona mkondo huo kuwa fursa kubwa, na wakati huohuo nauhofia. Nahofia usije ukawa jalala la wale tuliowakatia tamaa katika hisabati, tukawapeleka huko kwa kisingizio cha vipaji. Ili usiwe hivyo, natoa mapendekezo matatu.

Kwanza, somo la Kiswahili lifundishe wasifu wa wanamichezo kama linavyofundisha wasifu wa viongozi. Mwanafunzi apewe tarehe, muda na mahali, aandike kwa ukamilifu maisha ya Kiprugut au ya Chepchumba, na afunzwe kutofautisha sifa na ushahidi. Sifa husema alikuwa hodari. Ushahidi husema alijikwaa Tokyo na bado akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 45.9.

Pili, kila shule iweke daftari la muda. Mwanafunzi akikimbia leo, muda wake uandikwe. Akikimbia muhula ujao, uandikwe tena. Daftari na saa ya mkononi si gharama ya kuishinda shule yoyote. Mtoto anayeuona muda wake ukipungua kwa sekunde tatu katika mwaka mmoja hatakuwa na haja ya kuambiwa kama amejaliwa au la. Ameona alichokichuma.

Tatu, uwanja na kipindi cha michezo viheshimiwe. Ni shule nyingi ambazo kipindi hicho humezwa na masomo ya ziada mtihani unapokaribia, na uwanja humegwa kidogo kidogo kila linapojengwa darasa jipya. Kisha mwaka wa Olimpiki ukifika, sote tunakaa mbele ya runinga kuvidai vipaji ambavyo hatukuvipa mahali pa kukimbilia.

Tarehe 20 Oktoba 2023 sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika Kericho, chini ya mwaka mmoja baada ya Kiprugut kuzikwa. Ni vyema taifa lilikwenda huko. Lakini shujaa hakumbukwi kwa gwaride la siku moja. Hukumbukwa kwa kuingizwa katika lugha ya kila siku ya watoto, katika insha zao, katika mifano ya sarufi ubaoni, na katika mabishano yao njiani wakitoka shule. Mtu aliyetuchumia medali ya kwanza, mikono yake ikawa na shaba na fedha, asiachwe kuwa jibu ambalo mwanafunzi wa chuo kikuu hulikosa. Naye mtoto anayekimbia asubuhi hii kati ya majani chai ya Bomet, aambiwe na mwalimu wake kwamba jua limechomoza na kapu liko wazi.